Kompyuta si kiti cha kuzunguka, ni ufundi

(Haya ni maelezo aliyoyatoa mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa Manzese, Dar es Salaam, waliomwalika aseme nao juu ya kazi za kompyuta. Tunayachapisha kwa faida ya msomaji ambaye hakuwapo.)

Ndugu zangu vijana, na wewe msomaji ambaye hukuwapo na sasa unasoma maneno haya umesimama mbele ya meza ya magazeti huku ukijifanya unatafuta chenji, salaam.

Nianze kwa swali moja dogo. Katika mtaa unaoishi, nani anayeitwa mtu wa kompyuta? Nina hakika umemfikiria jamaa mmoja mwenye shati lililochomekwa, anayefanya kazi katika ofisi yenye kiyoyozi, na kiti chake kinazunguka. Akipita jioni wazee wanamwamkia vizuri kuliko wanavyomwamkia mwalimu. Kazi yake hasa hatuijui. Huenda anachapa barua tu. Lakini anakaa mbele ya kompyuta, basi ni mtu mzito.

Sasa nikuulize la pili. Yule kijana anayekaa kibarazani na meza yake ya kioo, lehemu mkono mmoja na koleo ndogo mkono wa pili, anayefungua simu yako na kuifufua, yeye unamwitaje? Dogo wa simu. Hata jina hana. Na simu anayoifungua, ndugu yangu, ni kompyuta kamili. Ina nguvu kubwa mno kuliko mashine yoyote iliyokuwapo nchini mwetu mwaka 1974, zile zilizojaza chumba kizima.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Sisi Watanzania hatuiheshimu kazi ya kompyuta. Tunaheshimu kiti. Kwa muda mrefu tuliiogopa mashine hii, kisha tukaidharau, na siku hizi tunaiabudu. Katika hali zote tatu hatukuwahi kuichukulia kama kitu cha kujifunza kwa mikono, kama useremala au umakenika. Na hasara ya jambo hilo tunailipa sisi vijana, siyo wakubwa.

HAZINA NA MASHINE YAKE

Tuanze na hofu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Ikatazamiwa kuwa hesabu za nchi zitakwenda kama maji. La hasha! Mambo yakaharibika, fedha zikapotea, na serikali ikalazimika kurudi kwenye mashine zake za zamani za kuhesabia. Waliojua kuiendesha walikuwa wachache, na wengi wao wageni. Kwa hiyo ilipoharibika kazi, hatukuwa na fundi wetu wa kutuambia ni nini hasa kimeharibika.

Mwaka 1974 ikatoka amri. Kompyuta zisiingizwe nchini, na televisheni nazo zisiingizwe. Naam, unasoma vizuri. Nchi ilifunga mlango. Amri hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 80, lakini Bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali wenzetu ng'ambo ya maji, Zanzibar, walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu miaka ile ya 70.

Sisemi haya ili kuwacheka wazee. Nchi ilikuwa maskini, fedha za kigeni zilikuwa haba, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Ninachosema ni kwamba amri ile ilitufunza tabia: kitu usichokijua, kifungie nje. Kumbe tatizo la Hazina halikuwa wingi wa mashine. Lilikuwa uchache wa mafundi. Ukikosa dereva, basi likapinduka, huwezi kusema dawa ni kupiga marufuku mabasi.

Sasa tazama maajabu. Mwaka 2017 Hazina hiyo hiyo ilianza kutumia mfumo wa kukusanya malipo yote ya serikali, ule unaotoa namba ya malipo mnayoiita kontro namba. Leo ukilipa ada, leseni au faini, huwezi kukwepa namba ile. Na mfumo ule haukuletwa na mzungu ndani ya sanduku. Uliundwa na wataalamu Watanzania. Kuanzia 1965 hadi 2017 ni miaka 52. Jengo halikutuvusha, wala kiti. Tulivushwa na watu waliojua kazi.

KUCHAPA NI KAZI YA KIKE?

Baada ya hofu ikaja dharau. Kompyuta ziliporuhusiwa kuingia maofisini, ziliwekwa mahali palipokuwa na taipureta, yaani mbele ya katibu muhtasi. Bosi alikuwa na simu, katibu muhtasi alikuwa na kompyuta. Vyuo vya uhazili vikaongeza somo la kompyuta pembeni ya hatimkato. Basi wanaume wa mjini tukahitimisha kwamba kubonyeza vitufe ni kazi ya kina dada. Mpaka leo nimewasikia vijana hapa hapa wakisema, "Mimi nikae nichape? Mimi siyo sekretari."

Hebu niwape kisa. Februari 1946, katika mji wa Philadelphia, Marekani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza hadharani mashine iliyoitwa ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa za umeme duniani. Wahandisi wanaume waliijenga. Lakini kazi ya kuipangia mashine ifanye nini, hatua kwa hatua, walipewa wanawake sita, kwa sababu wakubwa waliiona ni kazi ya ukarani tu. Siku ya maonyesho wahandisi wakasifiwa, wanawake wale wakasahauliwa. Miaka ikapita. Dunia ikatambua kwamba kuipangia mashine kazi ndiyo akili yenyewe, na ndiyo ulaji wenyewe. Hapo wanaume wakamiminika, na leo kijana wa kike akitaka kujifunza anaambiwa kazi hiyo ni ya kiume!

Umeona? Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni mshahara na heshima. Kwa hiyo wewe unayedharau kitu kwa sababu kinafanywa na dada yako, na wewe unayemzuia dada yako asikiguse kwa sababu sasa kina fedha, nyote wawili mnaangalia kiti.

CHETI NDANI YA FREMU

Sasa nije kwangu, maana haifai kuwasema wengine nikajificha.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, daraja la nne. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga. Alikuwa kwenye mchezo wa kupeana fedha na wenzake sita, na zamu yake ilipofika akachukua shilingi 180,000, akanikabidhi zote, akasema, "Nenda kasome kompyuta, mwanangu, usije ukanuka samaki kama mimi."

Nikajiandikisha katika chuo kimoja kilichokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Jina lake nitalihifadhi. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya ishirini. Kompyuta zilikuwa tisa, zinazowaka zilikuwa nne. Mwalimu alikuwa akisoma, sisi tunaandika kwenye daftari kubwa: kompyuta ni mashine ya kielektroniki inayopokea data, kuichakata na kutoa matokeo. Tuliandika historia ya Charles Babbage. Tulichora kibodi kwa penseli. Kuishika kibodi yenyewe ilikuwa zamu ya dakika kumi, na umeme ukikatika zamu yako imekwenda na maji.

Miezi mitatu ikaisha. Nikapewa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, kimeandikwa majina ya programu ambazo nyingine sikuwahi kuziona hata kwa macho. Mama akakitia kwenye fremu, akakitundika sebuleni, juu ya picha ya marehemu baba.

Mwezi uliofuata nikaitwa kwenye usaili katika ofisi moja ya mjini. Yule dada wa pale hakuniuliza Babbage. Aliniwekea kompyuta mbele yangu, akanipa karatasi za mauzo, akasema, "Weka kwenye Excel, nipatie jumla ya kila mwezi." Nikakaa. Nikaandika namba moja moja. Zilipojaa nikatoa simu mfukoni, nikafungua kikokotoo, nikaanza kujumlisha kwa mkono huku kompyuta inanitazama. Yule dada hakunicheka. Alinihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. Niliporudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtoto wa kigogo. Nilisema uongo. Nafasi ilikuwa wazi. Mimi ndiye niliyekuwa mtupu.

Ndugu msomaji, kuna wangapi kama mimi? Tunanunua cheti kama tunavyonunua shati la sikukuu, la kuonekana nalo. Wenye vyuo vya ubabaishaji wamekwishatujua. Wanauza kile tunachokitaka, na sisi tunataka karatasi. Mchawi wa kwanza ni yule aliyepokea fedha za samaki akijua mashine zake ni mbovu, sikatai. Lakini mchawi wa pili nilikuwa mimi, niliyekaa miezi mitatu bila kuuliza, "Mwalimu, lini tutashika?"

FUNDI WA LA SABA

Wakati mimi nachora kibodi kwa penseli, rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye msingi alikuwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, akifagia kibanda cha fundi simu ili aruhusiwe kutazama. Huyu aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Leo ukimpelekea simu iliyokufa, anaiwekea mita, anafuata njia ya umeme kwenye bodi kidogo kidogo, kama daktari anayetafuta mshipa. Ana michoro ya sakiti za simu kwenye laptopu yake ya mtumba, na anaisoma michoro ile kuliko wewe unavyosoma kurasa za michezo. Ikiwa ugonjwa uko kwenye programu na siyo kwenye chuma, anaiflashi upya. Akikwama anatazama video ya Mhindi au Mchina, bila kuelewa neno hata moja, anatazama mikono tu.

Kijana huyu anamsomesha mdogo wake. Lakini alipotaka kuoa, wazee wa upande wa pili walimuuliza, "Unafanya kazi gani?" Akasema, "Ni fundi simu." Mzee mmoja akakohoa. Akamuuliza tena, "Hiyo ni kazi, au unasubiri kazi?"

Jamani! Mzee yule simu yake mwenyewe ilikuwa imetengenezwa kibarazani wiki iliyopita.

Na hapa nivunje uongo mmoja mkubwa, kwamba kompyuta ni Kiingereza, kwa hiyo asiyejua Kiingereza akae pembeni. Kiingereza kinasaidia, tena sana, na anayeweza kujifunza ajifunze. Lakini mantiki ya mashine haina kabila. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia na kupigia hesabu ikiwa kwa Kiswahili, na ya bure. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Nyoosheni mikono mliowahi kuisikia. Mmoja. Wawili. Basi! Maneno tunayo: faili, tovuti, barua pepe, nenosiri, kikokotoo. Wakubwa wa lugha waligombana kama iitwe ngamizi au tarakilishi, wananchi wakasema kompyuta, wakaendelea na kazi. Lugha siyo ukuta. Ukuta ni ile imani kwamba kitu cha akili lazima kitoke kwenye mdomo wa mtu mwenye tai.

DAFTARI LA STESHENARI

Sasa sikilizeni hili, maana linawahusu karibu nyote mliopo hapa. Siku hizi ukitaka kazi ya serikali unaomba kupitia mtandao. Mkopo wa chuo, mtandao. Namba ya mlipa kodi, mtandao. Na sisi tunafanyaje? Tunakwenda steshenari. Ukutani pameandikwa kwa kalamu nene: tunajaza fomu za ajira, mikopo, vitambulisho. Unakaa kwenye benchi, unampa kijana wa pale vyeti vyako, anakufungulia barua pepe, anakuchagulia nenosiri, analiandika kwenye daftari lake, unalipa, unaondoka. Umejaza fomu ya kazi na mlango wa nyumba yako umeuacha na ufunguo kwa jirani usiyemjua jina.

Kijana mwenzetu wa mtaa huu huu alifanyiwa hivyo. Yule wa steshenari hakutaka usumbufu, akaweka barua pepe yake mwenyewe. Wito wa usaili ukaja. Ukaingia kwenye sanduku la barua za mtu ambaye wakati huo alikuwa amefunga duka na kurudi kwao. Mwenzetu alikuja kujua baada ya siku tisa, usaili umekwishapita. Ana stashahada. Ana simu kubwa kuliko yangu, na kila usiku anatazama mpira ndani yake. Lakini kufungua barua pepe yake mwenyewe alisema ni kazi ya "wale wa kompyuta".

Mnaona dharau inavyotoza ushuru? Zamani asiyejua kusoma alimpelekea barua yake karani wa posta amsomee, na siri zake zote zikawa za karani. Leo karani ni steshenari, na asiyejua kusoma ni mimi na wewe, wenye vyeti vya kidato cha nne.

ITATUNYANG'ANYA KAZI?

Najua kuna mtu huko nyuma anataka kusema, "Haya yote yamepitwa, sasa imekuja akili bandia, hata hao wa kompyuta watafukuzwa." Hofu hii si mpya, ndugu yangu. Nchini India vyama vya wafanyakazi wa mabenki viliipinga kompyuta kwa nguvu, hata mwaka 1983 wakatiliana saini na waajiri mkataba wa kuweka masharti juu ya matumizi yake. Walikuwa na haki ya kuuliza nani atakula na nani atalala njaa. Lakini wakati mabenki yanabishana, Wahindi wengine walikuwa darasani. Mwaka 2000 ulipokaribia na dunia ikaogopa kwamba kompyuta za zamani zitachanganyikiwa na tarehe, makampuni ya Ulaya na Marekani yalikimbilia kwao kutafuta mafundi.

Kwa hiyo siwaambii kwamba mashine haiui kazi. Inaua. Wapiga taipureta wako wapi? Ninachosema ni kwamba wa kwanza kuumia ni yule ambaye kazi yake ni kubonyeza bila kuelewa anachobonyeza.

Wala sitaki nikuuzie ndoto. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu, ya ukatili na unajisi, siku nzima, ili mashine ya akili bandia ifundishwe kuyakwepa. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Vijana wale walikuwa mbele ya kompyuta. Huenda hata viti vyao vilikuwa vinazunguka. Lakini waliokuwa wanakula kuku ni wengine, walioiunda mashine. Kukaa mbele ya kioo siyo ulaji. Swali ni hili: wewe unaitumia mashine, au mashine inakutumia wewe?

UJANJA WA NJIA YA MKATO

Kuna jambo la aibu sina budi kulitaja. Wapo vijana ambao ujuzi wao wote wa teknolojia umeishia kwenye ujumbe mmoja: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Na vijiweni tunawasifu! Tunasema yule mjanja, ana akili ya kompyuta. Akili gani? Anayemtapeli bibi wa Kigoma fedha za dawa ni mwizi wa kuku aliyebadilisha banda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na jela haina mtandao.

Lakini ubaya wake mwingine ni huu: kwa ajili ya watu wale, kila kijana mwenye simu tatu na laptopu moja anatazamwa kama jambazi. Mama mwenye nyumba anauliza, "Huyu anakesha na mashine usiku kucha, anafanya nini?" Anajifunza, mama. Muache ajifunze.

WAKUBWA NAO WAACHE KUFUNGA MLANGO

Siwezi kuwasema vijana nikawaacha wakubwa. Kwenye majukwaa wanatuambia tujiajiri, tutumie mtandao. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotaka kijana mwenye blogu alipe ada ambazo jumla yake ilifika shilingi milioni 2.1, na zilipunguzwa baadaye baada ya wengi kukata tamaa. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa. Mwenye chama na asiye na chama, wote gizani. Aliyekuwa na kazi ya mteja wa nje ya kukabidhi siku ile alimwambia nini? Anayetafsiri, anayechora matangazo, anayeuza nguo kwa picha, dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia simu, wote walifungiwa duka kwa kufuli lisilo lao.

Hiyo ni tabia ya mwaka 1974, ndugu zangu, imevaa suti mpya. Kitu kikikutia mashaka, kifunge. Huwezi kumwambia kijana ajenge nyumba yake juu ya mtandao, kisha ukashika swichi mkononi na kuizima unapotaka.

TUFANYE NINI SASA?

Sikuja kulia tu. Nitasema yale niliyoyajaribu mwenyewe.

Kwanza, kabla hujalipa chuo chochote, panda ngazi ukakague. Hesabu kompyuta zinazowaka, hesabu wanafunzi. Uliza usajili wao, wa VETA au wa NACTVET. Mwombe mwalimu akuonyeshe kitu kimoja alichokitengeneza kwa mikono yake. Akianza kukasirika, shuka ngazi.

Pili, kama wewe tayari ni fundi wa kibarazani, ujue VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nenda ukapimwe. Mimi nimekataa cheti kitupu, sikukataa cheti. Cheti kifuate ujuzi, kama kivuli kinavyofuata mtu.

Tatu, anza na ulichonacho. Simu iliyo mkononi mwako ina uwezo wa kufungua jedwali la hesabu na kukufundisha mwanzo wa kuandika programu. Laptopu ya mtumba ukiipata, Linux ni bure na LibreOffice ni bure. Usisubiri mpya, na usisubiri kiti.

Nne, na hili ndilo kubwa, usijifunze hewani. Tafuta tatizo la kweli lililo karibu nawe. Mimi baada ya aibu ile ya usaili nilikaa wiki nzima sina raha. Kisha nikachukua daftari la mama la mauzo, lenye madoa ya mafuta, nikaanza kuliingiza kwenye jedwali kwa kompyuta ya kuazima. Nilikosea mara nyingi. Nikajifunza kujumlisha safu kwa sababu nilitaka kujua, siyo kwa sababu ya mtihani. Mwezi wa pili jedwali likatuonyesha kitu ambacho mama alikuwa anakihisi tu: mafuta ya kupikia, aliyokuwa akinunua kwa lita moja moja dukani, yalikuwa yanamla faida kuliko bei ya samaki. Akaungana na wenzake wawili wa mchezo, wakaanza kununua dumu la lita 20 na kugawana.

Hatukutajirika. Bado ananuka samaki, na mimi bado naandika makala za kulipwa kwa mstari, nikilipwa. Lakini jioni moja aliniita, akaniambia nimwongezee mstari wa mkaa kwenye ile "karatasi ya simu". Kile cheti hakukitaja. Kiko ukutani mpaka leo, muhuri wa dhahabu umeanza kubanduka.

Nimalizie. Tunao maelfu ya vijana wenye mikono mizuri na macho makali, wanaosubiri kuitwa kwenye kiti. Kiti hakiji. Seremala hakungoja kuitwa mheshimiwa ndipo ashike randa. Makenika hakungoja kiyoyozi. Na wewe usingoje.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kwenye ile steshenari. Muombe yule kijana daftari lake, tafuta jina lako, soma nenosiri lako. Kisha ondoka, kaa chini ya mwembe, fungua barua pepe yako kwa mkono wako mwenyewe, na ulibadilishe. Ukishindwa, muulize yule dogo wa kibarazani akuelekeze. Na safari hii muulize jina lake.